Kumlilia Opicho

Kiangazi, ati! Julai hii ya Nairobi, watu wamejifunga masweta mpaka shingoni, chai inapoa kabla hujaketi, na bango lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa pale Makongeni linasema kwa herufi kubwa: MSIMU WA KIANGAZI WA MICHEZO YA KALE. Uliza kiangazi kiko wapi, hakuna wa kukujibu. Kumbe wafadhili wako ng'ambo, na huko kwao jua ndilo linawaka sasa, basi na sisi huku tuitikie tu. Haya, tumeitikia. Waliotaka kuigiza waliambiwa waje Jumamosi asubuhi wajaribiwe, na Nabiswa alipolisoma lile bango, mfuko wa sukuma wiki ukiwa mkononi, alisimama pale mlangoni mpaka mtu wa nyuma akamwomba njia.

Nabiswa mnamjua, hata kama jina lake hamlijui. Kama ulisoma shule ya upili miaka hii ya karibuni, huenda aliwahi kuja shuleni kwenu na kundi la kuigiza vitabu vya mtihani, wakasukuma meza za bwalo kando na kufanya jukwaa. Yeye ndiye aliyekuwa mama. Kila kitabu kina mama, na kila mama wa kitabu ana mahali pa kulia: mwanawe amefungwa, binti katoroshwa, mume kaleta mke wa pili. Nabiswa alilia yote hayo. Wasichana wa shule za bweni walilia naye mpaka walimu wakapangusa macho wakijifanya ni vumbi. Tena hayakuwa machozi ya kitunguu, usidhani. Alikuwa anayaita na yanakuja. Mchezo ukiisha ananawa uso, anakula wali na maharagwe ya shule, na njiani kurudi Nairobi ndiye anayewavunja mbavu wenzake kwa vichekesho.

Mume wake alikuwa Opicho, mwana wa Bwire, mchoma nyama wa Soko la Burma. Ukienda Burma siku hizi utachomewa nyama, ndiyo, lakini hutatukanwa vizuri kama Opicho alivyokuwa anatukana. Alikuwa anakujua wewe ni mtu wa mbavu au wa paja, anakwambia mbele ya watu kwamba umenenepa, halafu anakuongezea kipande ule ukinyamaza. Wakati wote anapiga mluzi. Mwezi wa pili, asubuhi, akiwa anachochea makaa, alianguka. Wenzake walimbeba mbio, lakini walipofika hospitali alikuwa ameshakwenda.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Nabiswa hakulia.

Hakulia alipopigiwa simu, hakulia kwenye mikutano ya jioni ya kupanga mazishi, na walipomfikisha Opicho kwao Busia hakulia pia. Alivikwa koti la marehemu kama mjane anavyovikwa kwao, akaketishwa kwenye mkeka karibu na jeneza. Wanawake waliingia langoni wakikimbia, mikono kichwani, wakipiga nduru, wakimwita Opicho, na kila mmoja akifika pale mbele anainama kumtazama mjane usoni. Nabiswa akawatazama pia. Aliona kamba ya hema imelegea upande mmoja, akawaza kwamba mtu angeikaza. Basi, hilo ndilo aliloliwaza mumewe akishushwa kaburini.

Mama mkwe wake alingoja watu wapungue ndipo aseme. Lakini alisema, tena kwa sauti. "Huyu machozi yake aliyauza yote kwa watoto wa shule. Mwanangu amekuta hakuna." Ayuma, dada yake Opicho, ambaye anaishi milango michache tu kutoka kwa Nabiswa hapo Makongeni, aliyabeba maneno hayo kutoka Busia hadi mjini, akayafikisha yote bila kudondosha hata moja. Si kwamba ni mtu mbaya Ayuma. Alimpenda kaka yake, na domo lake halina kifuniko.

Sasa wewe usifikiri Nabiswa alikuwa hana huruma, au alikuwa na furaha ya siri. Hakuwa na chochote. Aliamka, akapika, akafua, akampigia simu mwanawe Ryan shuleni Jumapili na kumwambia asome kwa bidii. Mtu akimwambia pole, anajibu asante. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa, ila mguu baada ya muda huanza kuchomachoma ukajua ni wako. Huu wake ulikataa kuchoma. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, na kundi la vitabu vya mtihani nalo likasambaratika kwa mambo yake lenyewe, kwa hiyo hata kule kulia kwa kazi kukaisha.

Ndiyo maana lile bango lilimsimamisha. Mchezo mkubwa wa msimu ulikuwa wa kale, wa Kiyunani, uliotiwa Kiswahili: malkia mzee analetewa maiti ya mwanawe kutoka vitani, na anamwomboleza kutoka mwanzo hadi mwisho. Chini ya bango waliongeza kwamba kila anayekuja kujaribiwa aje na maombolezo ya kwao, kwa mtindo wa kwao. Nabiswa alipiga hesabu zake palepale. Jukwaani machozi hayajawahi kumkataa. Wakimpa huyo malkia yatakuja, na yakija, mwandishi aseme atakavyo ni ya nani, yeye atajua ni ya Opicho. Akilia pale atakuwa amemlilia mumewe. Na kama hata pale hayatakuja, basi ajue hayapo tena, akae hivyo mpaka siku yake. Hilo tu ndilo alilolitaka Jumamosi ile, wala hakutafuta sifa.

Ijumaa jioni akabisha hodi Waithera.

Huyu Waithera walikuwa pamoja kwenye kundi tangu mwanzo. Nabiswa akiwa mama wa kulia, Waithera alikuwa mwalimu mkuu, au mke wa chifu, au yule tajiri mwenye dharau. Mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, sauti ya kuamrisha. Kulia, hata mara moja hakuwahi kupewa. Na wakati wa msiba ndiye aliyeosha vyombo siku zote za matanga bila kumuuliza Nabiswa swali hata moja, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuingia bila kungoja karibu.

"Nabi," akasema, "kesho naenda kujaribiwa. Namtaka yule malkia."

"Na mimi namtaka," Nabiswa akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja usiku wa leo badala ya kukuibia kesho." Akavuta stuli, akaketi. "Nifundishe kulia."

Ala! Umwendee mjane, koti la mumewe bado liko msumarini, umwambie akufundishe kulia! Mwingine angemwagiwa maji ya vyombo. Lakini Nabiswa hakuona ubaya wowote, maana kuona ubaya kunataka mtu awe na mahali pa kuumia.

"Kwenu hamlii?" akauliza.

"Kwetu?" Waithera akacheka. "Kwetu Murang'a tunaimba nyimbo za kitabu, polepole, halafu kila mtu anasoma wasifu. Ukipandisha sauti, akina mama wa kanisa wanakushika mabega wanakutoa nje upate hewa. Baba yangu alipozikwa nilijikuna tu pua."

Nabiswa akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio. Hilo ni lazima. Nduru ikisikika Makongeni, kabla hujamaliza pumzi majirani wako mlangoni na leso kiunoni wanauliza ni nani. Kisha akasimama katikati ya chumba na kumfundisha mwenzake kazi, hatua kwa hatua, bila choyo. Mikono kichwani, si masikioni, wewe si mtu anayeogopa radi. Pumzi itoke tumboni. Kimbia kidogo, simama, rudi. Na kubwa kuliko yote, kulia si kelele, ni maneno. Unamsema huyo maiti. Unamgombeza kwa nini ameondoka, unamhesabia wema wake, unamtaja baba yake ili hata wa mbali ajue ni mtoto wa nani.

"Sawa. Nitaita mwanangu, mwanangu."

"Shindwe!" Nabiswa akamkatiza. "Una mtoto hai wewe! Shirleen yuko shule halafu unamlilia?"

"Basi nisitaje jina."

"Hiyo mbaya zaidi. Mama yangu alitukanya tukiwa wadogo, tusipige nduru kwa mchezo. Kilio kisicho na jina kinazunguka mtaani kutafuta mtu wa kumkalia. Lazima uwe na mtu, na lazima awe ameshakufa. Mlilie baba yako."

Waithera akafikiri, akatikisa kichwa. "Yule tulishamwimbia tukamaliza. Nikimwita kwa nduru atashangaa ni nani."

Redioni mtu alikuwa anatangaza dawa ya meno. Nabiswa akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mlilie Opicho," akasema.

"Nabi. Una hakika?"

"Ameshaenda. Haitamdhuru." Alisema kwa sauti ileile ambayo angetumia kumwazima jirani sufuria.

Basi Waithera akamlilia Opicho. Mara ya kwanza alisikika kama anatangaza mkutano wa wazazi. Mara ya pili akacheka katikati. Nabiswa akamwongezea vya kusema: mwambie, mwana wa Bwire, makaa umemwachia nani; mwambie, wewe wa kutukana watu na kuwashibisha; muulize mluzi wako ameubeba nani. Waithera akafumba macho, akashika kichwa, na mara hiyo ikatoka. Ilitoka kwelikweli, nywele za mikono zikasimama. Nabiswa aliisikia kwa masikio ya fundi: pumzi sawa, jina halijamezwa, kupanda na kushuka ni penyewe. Akaitikia kwa kichwa. Waithera alikuwa anapangusa kamasi kwa nyuma ya mkono, na Nabiswa akainuka kuangalia kama maji ya chai yamechemka.

Jumamosi, ukumbi ulijaa. Wa kujaribiwa walikuwa kwenye viti, na wasiojaribiwa, yaani mtaa mzima, walikuwa madirishani. Mwelekezi alikuwa kijana anaitwa Munene, mpole, mwenye ndevu chache na chupa ya chai, ambaye aliwaita wanawake wote mama na kuwaomba radhi hata walipokosea wenyewe. Vijana walikuja na mashairi, mwingine na wimbo wa kwaya, msichana mmoja kutoka mtaa wa Umoja akazirai kwa kuigiza na kuligonga goti lake vibaya. Munene akawashukuru wote.

Kisha akaitwa Waithera.

Alivua viatu. Akatembea mpaka katikati, akashika kichwa, na alipofungua mdomo watu wote ukumbini walirudi nyuma kwenye viti vyao. "Woooi, Opicho! Opicho mwana wa Bwire! Umeamka mapema kwenda wapi? Makaa umemwachia nani?" Kule nje muuza mboga akaacha kukata sukuma. Wanawake wakatoka nyumbani wakifunga leso, wengine wana unga mikononi, wakikimbilia ukumbini kuuliza ni nani huyo ameenda. Na kati yao, kifuko cha mandazi mkononi, alikuwa Ayuma.

Jiweke mahali pake. Unasikia nduru, unakimbia, unasikia jina la ndugu yako. Unachungulia dirishani unamkuta mwanamke wa Murang'a yuko magotini, anamlilia kaka yako kwa mtindo wa kwenu, anajua baba yake, anajua kazi yake, anajua hata mluzi. Na mazishi ya Kenya hii tunayajua sote. Mwanamke asiye wa ukoo akimlilia marehemu kuliko mjane, hakuna anayeuliza kama anaigiza. Wanauliza watoto ni wangapi.

Ayuma akaingia na mandazi yake. "Wewe! Simama! Ulikuwa nani wa ndugu yangu?"

Waithera akafumbua macho. Machozi bado yalikuwa yanamtiririka, jambo ambalo halikumsaidia.

"Umezaa naye wangapi? Sema! Sema hapa mbele ya watu!"

Madirishani watu wakashangilia. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, na wakauona mzuri sana. Munene akainuka na kikombe chake. "Samahani, mama, huu ni mchezo tu."

"Mchezo? Mnacheza na maiti wetu? Kijana, wewe una wazazi?"

Ndipo Nabiswa akasimama kutoka kiti cha nyuma. Hakupandisha sauti. "Ayuma, hana kosa. Ni mimi nilimfundisha."

"Ulimfundisha nini?"

"Kumlilia Opicho."

Hata wa madirishani wakajua hii sasa si ya kuigiza. Ayuma alimtazama wifi yake, na hasira ikamtoka usoni polepole, ikabaki kitu kibaya zaidi.

"Umemfundisha mtu wa nje kumlilia mumeo. Na wewe, Mama Ryan? Wewe mwenyewe mbona hukumlilia?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Walisema mgongoni, walisema simuni, walisema Busia na Makongeni, lakini kumuuliza usoni hakuna.

"Sina, wifi," Nabiswa akasema. "Nimeyatafuta, sina. Nilitumaini leo nitayapata hapa."

Munene hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba huyu ndiye anayefuata. "Ungependa kujaribu, mama?" akauliza kwa upole. "Au tupumzike kwanza?"

Nabiswa alikwenda katikati. Miguu yake ilikuwa myepesi, na hilo halikumfurahisha. Akashika kichwa, akavuta pumzi, akamwita mumewe kwa jina lake na jina la baba yake. Sauti ilikuja yote. Ilikuwa kubwa na nzuri kuliko ya Waithera, kila kitu mahali pake, hata mimi ningemsifu. Na macho yalikuwa makavu kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Alijisikiliza akiwa kwa mbali, akafika penye mluzi, mahali ambapo kwa vyovyote yangepaswa kuja. Akangoja. Watu wote wakangoja naye, Ayuma kaziba mdomo kwa mkono. Hayakuja. Akaacha katikati ya neno, akasema, "Basi," akarudi kitini.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Ayuma. "Huwezi kumwacha njiani!" akalia, na akaliokota palepale lilipoangukia, mandazi yakasambaa sakafuni, akamlilia kaka yake mpaka wale wanawake wa leso nao wakaitikia kutoka mlangoni, na yule msichana wa Umoja akasahau goti lake. Munene alikuwa amesimama tu, chai imemwagikia mkononi na hana habari.

Majibu yalitoka jioni ileile. Waithera alipewa malkia. Ayuma, aliyekuwa ametoka kununua mandazi, alipewa nafasi katika kundi la waombolezaji, na akaikubali kabla hajaambiwa ni ya nini. Nabiswa aliitwa kando.

"Mama, sitakudanganya," Munene akasema, akitazama viatu vyake. "Malkia sikukupa. Lakini nina wanawake kumi na wawili ambao hawajui kulia, na wewe unajua kufundisha. Utanisaidia?"

"Sawa," Nabiswa akasema. Akaenda nyumbani, akapika ugali, akaula. Alikuwa ameikosa nafasi aliyoitaka, tena amejua alichokuwa anaogopa kukijua, na ugali ulikuwa na ladha ya ugali tu.

Mazoezi yakaanza. Kila siku saa kumi jioni kundi lilisimama nusu duara, Nabiswa mbele yao, na kwa kuwa kilio kinataka mtu, wote walimlilia yuleyule. Mwanzoni mtaa ulishtuka. Baadaye ukazoea. Wauza mboga wakawa wanaambiana, "Wameanza kumlilia Opicho, nifungashie niende." Wachoma nyama wa Burma waliposikia, wawili walikuja kusimama mlangoni, kofia mkononi, wakasikiliza mpaka mwisho. Nabiswa alipita katikati ya wanawake akiwasahihisha. "Usimeze jina. Wewe, teremsha mabega. Wewe unaimba, sitaki uimbe, mgombeze!" Ayuma akawa mkono wake wa kulia, akiwaongezea wenzake mambo ya utotoni, jinsi Opicho alivyoiba kuku wa shangazi na kumchoma kichakani, na wote wakamlaumu Opicho kwa kuku huyo.

Siku moja mama mkwe alipiga simu kutoka Busia, na Ayuma akatoka nje kumjibu, mlango ukiwa wazi.

"Analiliwa kila siku, mama. Watu kumi na wawili." Akasikiliza. "Yeye? Yeye ndiye anatuongoza." Akasikiliza tena. "La, mama. Bado."

Nabiswa alisikia, akaendelea kupanga viti.

Wiki ya mwisho kabla ya onyesho la kwanza, Munene alikuja na karatasi za mchezo, akamgawia kila mmoja. "Akina mama, mmefanya kazi nzuri mno. Sasa leo tuingize maneno yenyewe. Tutoe Opicho, tuweke jina la mwana wa malkia. Anaitwa Eramoni."

"Hapana," Nabiswa akasema.

Wote wakageuka. Hata yeye mwenyewe alishtuka, maana tangu Februari hajamkatalia mtu kitu chochote.

"Samahani, mama?"

"Eramoni ni nani? Hajawahi kuzaliwa popote, hajafa popote. Mnataka watu kumi na wawili wapige nduru mtaani bila mtu? Ikimkalia mtoto wa mtu mtasema nini?"

"Mama, nakuelewa. Lakini watazamaji watauliza Opicho ni nani."

"Waulize! Mimi niko hapa, nitawaambia!"

Sasa alikuwa anapiga kelele. Mambo ya mama yake aliyaamini, ndiyo, lakini sababu haikuwa hiyo, na hakuna aliyedanganyika pale. Hakutaka Opicho aondolewe. Kila saa kumi alikuwa anaitwa kwa jina lake kamili, na baba yake, na makaa yake, na kuku wake wa kuiba, na kwa muda ule wote mtu aliyeitwa hivyo alikuwa kama amechelewa tu kurudi kutoka Burma. Wakimtoa, nani atamwita? Kesho saa kumi itafika na hakuna atakayemwita.

"Nabi," Waithera akasema.

"Najua ni kazi!" Nabiswa akamfokea. Munene alikuwa ameikunja karatasi yake vipande vidogo vidogo, na bila shaka angemwachia Opicho wa watu kama angeambiwa mara moja zaidi. Lakini Nabiswa hakumwambia. Akavua viatu vyake.

"Nipeni mara moja tu," akasema. "Mara moja na jina lake. Mimi sitawasahihisha."

Akatoka pale mbele alipokuwa anasimama siku zote, akaingia katikati ya nusu duara, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama mjane. Hakuna aliyempangia. Waithera ndiye aliyeanza, Ayuma akampokea, kisha wote. Walimlilia Opicho mwana wa Bwire wakimzunguka mjane wake, na wengi wao hawakuwahi hata kumwona. Mmoja alimeza jina, mwingine aliingia kabla ya wakati wake, na Nabiswa aliyasikia makosa hayo yote na akayaacha yapite. Hakulia. Nakwambia kweli, hata tone. Alikaa tu, akawaacha wamlilie mpaka wamalize, na walipokuwa wanamaliza alijisemea moyoni kwamba Opicho amekufa, na safari hiyo akaamini.

Ayuma alimpa mkono akainuka. Akakung'uta sketi, akavaa viatu, akarudi kusimama mbele yao. Walikuwa wanamtazama, macho mekundu, karatasi zimelowa mikononi.

"Haya," akasema. "Sasa Eramoni."